Hodi Kutoka Ndani ya Ukuta

Mkono wa Mkaguzi bado uko ukutani, pale pale tulipouacha wiki iliyopita. Kiganja kimelowa. Plasta imemganda vidoleni.

Na ndani ya ukuta, mtu amegonga.

Ko. Ko. Ko.

"Shangazi," Mkaguzi akasema taratibu, "ukuta wako unagonga."

"Mabomba hayo, mwanangu."

"Mabomba."

"Maji yakirudi huwa yanagonga. Nyumba ya zamani hii."

Mkaguzi akaupanda ukuta kwa macho, chini hadi juu. "Nyumba ya zamani, plasta mbichi?"

Shangazi akacheka. Kicheko kikafia njiani.

Ko. Ko. Ko.

"Bomba lina adabu hili. Linagonga tatu tatu."

Halafu bomba likakohoa.

Halafu bomba likasema, "Hodi! Jamani, hodi huko nje!"

Fundi aliyekuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji akaangusha mwiko. Tangu lini mtu akapiga hodi ili atoke?

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, sitamchosha. Shangazi si shangazi wa mtu. Mtaa mzima unamwita hivyo tu, tangu enzi zile akipika kwenye shule ya bweni. Alipostaafu akajenga vyumba viwili uani, vimeegemea ukuta wa nyuma wa nyumba yake kama mtoto mgongoni. Akavipangisha.

Shida ni kwamba mtaa wao ni wa makazi ya familia. Kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja. Ukitaka kupangisha, unapeleka ramani manispaa, majirani wanaulizwa, watu wanakuja kupima, kibali kinatoka, ndipo unachimba msingi.

Shangazi alianza na msingi. Ramani, alisema, itafuata.

Haikufuata.

Lakini usimdharau. Alijua wakaguzi wa manispaa hutembea mchana. Basi akachagua wapangaji wa kazi za usiku tu. Mchana wamelala, milango imefungwa, uani kumepoa, kuku tu ndio wanaotembea. Ukimuuliza atakwambia, "Stoo hizo, mwanangu. Nimeweka kuni."

Akawapiga chenga wakaguzi wote, mpaka alipokuja huyu. Kijana mpole, hapokei hata glasi ya maji. Alitazama dirisha dogo la pembeni akauliza, "Kuni zako zinatumia pazia?"

Akaahidi kurudi na rangi nyekundu, na tingatinga. Akikuta mlango wa mpangaji, anapiga X. Panapopigwa X, hapalali pamesimama. Na vile vyumba vikianguka, vinaondoka na ukuta wa nyuma wa nyumba kubwa. Shangazi atabaki na mlango wa mbele na mbingu.

Ndipo ukazaliwa ule mpango. Ziba milango ya nje kwa matofali. Toboa upande wa ndani. Vyumba vya wapangaji vinageuka vyumba vya kulala vya familia. Mkaguzi akija, mlango ni mmoja, wa mbele.

Fundi aliyepewa kazi anaitwa Fundi Kesho, na jina hakupewa na mama yake. Akikwambia Alhamisi, wewe hesabu wiki ijayo. Kwa hiyo alipoahidi Alhamisi, Shangazi hata hakujisumbua kuwaambia wapangaji. Akaenda zake sokoni.

Mara moja tu maishani mwake, Fundi Kesho akaja siku aliyoahidi.

Akakuta milango miwili imefungwa, kimya, jua limeshapanda. Akajiambia watu wote wako kazini. Angewaza vipi kuwa Shangazi amechagua watu wanaolala jua likiwaka? Siri waliyofichwa manispaa, fundi naye alifichwa. Akapanga matofali, akapiga plasta, akasimama kuitazama kazi yake akiwa amejishika kiuno.

Shangazi akarudi na kapu lake. Akauona ukuta. "Na upande wa ndani umetoboa?"

"Aah, mama. Kuziba leo, kutoboa kesho."

Kapu likamponyoka. Kabla nyanya hazijaacha kubingirika, geti likagongwa. Alikuwa Mkaguzi.

Sasa twende ndani ya ukuta.

Humo yumo Mlinzi. Usiku kucha alilinda ghala, asubuhi akaingia chumbani, akalala kama gogo. Alipoamka akadhani ni usiku. Akavaa viatu, akavuta mlango.

Mlango ukafunguka vizuri tu. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Akaufunga mlango. Akasubiri kidogo. Akaufungua tena.

Ukuta.

Akaenda dirishani. Dirisha lina nondo, na mbele ya nondo ni ukuta wa jirani. Hata mkono haupiti. Akaanza kuhisi chumba kinambana kama shati la utotoni. Ndipo alipogonga. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, akapiga hodi.

"Shangazi." Mkaguzi akaondoa mkono wake ukutani. "Nani yuko humo?"

Fikiria ungekuwa wewe. Ukisema mpangaji, tingatinga hilo hapo nje, limeshamaliza kuangusha kibanda cha jirani na linanguruma getini. Ukisema hakuna mtu, ukuta wenyewe unakukana. Shangazi akatazama kushoto, kuna choo. Kulia, kuna Fundi. Nyuma, Mkaguzi.

"Ni mume wangu," akasema.

Mkaguzi akasogea karibu.

"Mume wako."

"Eeh."

"Wiki iliyopita uliniambia unaishi peke yako na kuni zako."

"Kuni zipo. Na mume yupo. Sasa nikutajie kila kitu kilichomo ndani, mwanangu, hata mume?"

"Na mbona umemjengea?"

Shangazi akaokota nyanya moja. "Tuligombana."

Nyuma ya tangi Fundi Kesho akajiziba mdomo kwa mkono wenye saruji.

"Mkigombana unamjengea ukuta?"

"Wengine wananuniana," Shangazi akasema. "Kila nyumba na mambo yake."

Mkaguzi hakucheka. Akaweka kopo la rangi chini, brashi juu yake. "Mimi sina ubaya na wewe, mama. Mume ni familia. Kama ni mume wako, hicho ni chumba cha kulala, nafunga daftari, naondoka. Kama ni mpangaji, napiga X. Na nikuambie kitu. Hata ingekuwa kwa mama yangu mzazi, ningepiga."

"Naamini, baba."

"Basi bomoa tumuone bwana harusi."

"Fundi!" Shangazi akaita. "Toka huko! Bomoa!"

Fundi Kesho akatokeza nusu uso. "Mama, saruji ndiyo kwanza inashika. Tuiache ikauke vizuri, halafu kesho..."

"Leo!" wakasema wote wawili.

"Leo!" ukuta nao ukasema.

Fundi akachukua nyundo. Pigo la kwanza, plasta ikamwagika. La pili, tofali likaingia ndani, na humo mtu akasema, "Mguu wangu!" Matofali yakatoka moja moja kama meno ya mzee. Wakati huo Shangazi alikuwa ameinama kwenye tundu, anapeleka maneno ndani haraka haraka.

"Mume wangu, pole! Ni mimi mkeo! Tusigombane tena! Mgeni wa manispaa yuko hapa, anataka kukuona wewe, mume wangu wa ndoa! Umesikia, mume wangu?"

Shangazi akagonga ukingo wa tundu.

"Umesikia?"

Ndani sauti ikajibu polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Nimesikia... mke wangu."

Shangazi akanyooka. Kwa mara ya kwanza tangu geti ligongwe, akavuta pumzi mpaka chini. Kumbe Mlinzi ana akili! Watu wa usiku hawa, msiwaone wanasinzia.

Mlinzi akatoka kinyumenyume, fulana nyeupe, nywele nyeupe, nyusi nyeupe. Angeweza kuitwa babu. Macho yamejaa vumbi, anayafikicha, haoni mbele wala nyuma. Lakini kazi aliyopewa aliishika kwa mikono miwili.

"Mke wangu!" akapaza sauti. "Yaani mimi, baba mwenye nyumba, unanizibia mlango? Chai yangu iko wapi?"

"Inakuja, mume wangu."

"Na nani amekanyaga nyanya zangu?"

"Inatosha, mume wangu," Shangazi akasema kwa meno.

Alikuwa amenogewa huyo. Akajishika kiuno, akamgeukia mgeni asiyemwona. "Karibu, bwana. Hapa ni kwangu. Mimi na huyu mama tumeoana zamani sana. Sijawahi kumtazama mwanamke mwingine, na sitamtazama."

Halafu akajifuta uso kwa fulana. Akafumbua macho.

Akamwona Mkaguzi.

Mikono ikamshuka kiunoni yenyewe.

Mkaguzi alikuwa amesimama bila kupepesa macho. Lile daftari amelishika kifuani kama mtu anayezuia upepo. Akasema neno moja tu.

"Shemeji."

Usishtuke peke yako, msomaji. Shangazi naye alishtuka, akakaa juu ya ndoo bila kuangalia kama ina maji. Ilikuwa na maji.

"Kaka," Mlinzi akasema. "Naomba nieleze."

"Jumapili," Mkaguzi akasema, na upole wake wote ulikuwa umepungua kama maji ya mwisho kwenye mtungi. "Jumapili ulikaa sebuleni kwa mama yangu. Ukaomba kumwoa mdogo wangu. Mama yangu akafurahi mpaka akalia. Nikakuuliza, kijana, unaishi wapi? Ukanijibu nini?"

Mlinzi akatazama viatu vyake.

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba... naishi kwa shangazi yangu."

"Uuwii!" Shangazi akajishika kichwa. "Shangazi! Si ungeniambia! Mimi si ndiye Shangazi? Si ningesema wewe ni mtoto wa kaka yangu, tukamaliza?"

Ndiyo hivyo. Mlinzi aliona haya kuwaambia wakwe kwamba amepanga kachumba uani, akasema anaishi kwa shangazi yake. Uongo mdogo, mzuri, na ungetosha kuiokoa nyumba nzima. Ila Shangazi alikuwa ameshawahi na wa kwake. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Hawakusema kwamba waongo wawili wakikutana njiani hakuna wa kumpisha mwenzake.

"Nisikilize vizuri," Mkaguzi akasema. Akainama, akachukua brashi, akaichovya koponi. Rangi nyekundu ikadondoka tone moja kwenye kiatu chake, hakuona. "Nitakuuliza mara moja. Huyu mama ni mke wako?"

Mlinzi akafungua mdomo.

"Ngoja. Fikiri kwanza. Ukisema ndiyo, naondoka sasa hivi, nyumba inabaki. Lakini mdogo wangu hutamwona tena, na mama yangu nitamwambia mwenyewe leo hii kwamba alipokea mume wa mtu."

Mlinzi akafunga mdomo.

"Ukisema hapana, wewe ni mpangaji. Napiga X hapa ulipotokea, naita tingatinga."

Getini injini ikanguruma, kama iliyosikia jina lake.

Mlinzi akamtazama Shangazi. Huyu mama ndiye aliyempokea alipokuja mjini hana godoro. Akiugua anamletea uji, na kumsema vibaya wakati anampa. Amekaa juu ya ndoo, gauni limelowa, macho yake yameng'ang'ania ule ukuta wa nyuma ya vyumba. Hakumwomba neno. Angeomba, ingekuwa rahisi.

Halafu akamfikiria yule binti. Anavyocheka mkono mdomoni. Anavyorudi kutoka kazini asubuhi amechoka, viatu mkononi ili asiwaamshe watu...

Hapo akashtuka. Akageuka kuutazama ukuta wa pili. Mlango wa pili uliozibwa, plasta yake laini, haina hata mkwaruzo.

"Kaka," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Kabla sijajibu. Ule wa pili nao ubomolewe."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Ubomolewe."

"Hakuna mtu mle!" Shangazi akaruka kutoka kwenye ndoo. "Mle yumo Nesi... yaani, mle mna kuni! Na hizo kuni wiki hii zimehamishiwa zamu ya mchana, zimetoka tangu asubuhi!"

"Alibadilishana zamu na mwenzake," Mlinzi akanong'ona.

Shangazi akaganda. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Tulirudi pamoja asubuhi."

"Mlirudi pamoja." Shangazi akamtazama Mlinzi. Akamtazama Mkaguzi. Akarudi kwa Mlinzi. Kitu fulani kikaanza kutembea kichwani mwake, taratibu, kama mama mjamzito anayetafuta kiti.

Mkaguzi hakusikia, au alisikia hakujali. Alikuwa na hasira yake. "Unanichezea. Nimekuuliza mke, unanijibu ukuta. Haya. Sihitaji jibu lako. Atajibu mdogo wangu mwenyewe. Yuko bwenini kwenye chuo cha uuguzi, saa hizi amepumzika. Nitampigia, umwambie kwa mdomo wako jinsi mlivyooana zamani sana."

"Usipige, kaka."

"Unaogopa?"

"Usipige. Nakuomba. Napiga magoti."

Akapiga magoti kweli, kwenye matofali na nyanya. Mkaguzi akampa mgongo. Brashi mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Akabonyeza. Akaweka sikioni.

Uani pakatulia. Fundi Kesho akashusha nyundo. Hata tingatinga, sijui vipi, lilinyamaza.

Simu ikaanza kuita.

Iliita sikioni kwa Mkaguzi.

Na iliita ukutani.

Ule ukuta wa pili. Ndani, nyuma ya plasta mbichi, mlio mwembamba wa simu unaimba kwa furaha kama hakuna kilichoharibika duniani.

Mkaguzi akaishusha simu yake polepole. Ukuta ukaendelea kuita. Akaitazama simu, akautazama ukuta. Akapiga hatua moja, akaweka sikio kwenye plasta, na shavu lake likashika uchafu.

Mlio ukakatika. Mtu ameukata.

Mtu yuko macho humo ndani. Yuko macho tangu muda mrefu. Amesikia hodi ya Mlinzi, amesikia "mke wangu", amesikia "shemeji", na ameketi gizani kati ya kuta nne, amejiziba mdomo, bora akose hewa kuliko kaka yake ajue.

"Mdogo wangu?" Mkaguzi akaita. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Ndani, kitanda kikalia.

"Kaka," ukuta ukajibu. "Usimwambie mama."

Rangi ikadondoka, tone, tone, kwenye kile kiatu kimoja.

"Uliniambia uko bwenini."

"Bweni lilijaa tangu mwanzo, kaka. Niliona haya kusema. Hapa ni karibu na wodi, na Shangazi ananitunza... Kaka, humu giza. Nitoe."

Sasa hebu mtazame Shangazi. Gauni limelowa, mikono ina harufu ya nyanya, nyumba yake iko kwenye ncha ya brashi. Leo kila mlango alioukimbilia aliukuta umezibwa, na mingine aliiziba mwenyewe. Lakini aliwalisha wanafunzi wa bweni kwa miaka mingi huyu, na mwanafunzi aliyekamatwa anamjua kwa kumtazama kisogo.

Akajifuta mikono. Akamsogelea Mkaguzi, akasimama karibu kabisa, akasema kwa upole, upole ule ule aliokuja nao kijana mwenyewe.

"Mwanangu. Nitakuuliza mara moja. Fikiri kwanza."

Mkaguzi hakugeuka.

"Aliyemo humo nimwandikishe kama nani? Ukisema mpangaji, haya, piga X yako, ubomoe chumba cha mdogo wako, na kesho mama yako aulize kwa nini jina la binti yake limesomwa manispaa. Ukisema ni ndugu, mtoto wangu wa nyumbani, basi hii ni familia, na huyu hapa kwenye nyanya ni familia pia, na wewe, baba yangu, umekuja kututembelea tu."

"Shangazi, usinifanyie hivi."

"Mimi? Mimi nimekaa kwangu. Wewe ndiye uliyesema hata kwa mama yako mzazi."

"Nitoeni kwanza!" ukuta ukalia. "Mtabishana baadaye!"

Fundi Kesho akainua nyundo, akaishusha, akaiinua tena. "Bosi," akamuuliza Mkaguzi, "nabomoa kama fundi wa manispaa au kama fundi wa mama? Maana isije ikaandikwa."

Kabla hajajibiwa, geti likasukumwa. Dereva wa tingatinga akachungulia, kofia mkononi. Akaona matofali chini, mtu mweupe kwa vumbi amepiga magoti, mama aliyelowa, na bosi wake ameegemea ukuta kama anayesikiliza moyo wa mgonjwa. Brashi nyekundu iko juu hewani, imefika nusu ya njia kwenda ukutani.

"Bosi, nimesubiri mpaka mafuta yanaisha," Dereva akasema. "Niingie, au nizime?"